Nta, seramiki au filamu: kuchagua kinga ya rangi ya gari katika jua na chumvi ya pwani

Gari likishatolewa bandarini Dar es Salaam au Mombasa, likapata namba na bima, mwenye gari huanza kusikia ushauri wa kila aina kuhusu rangi yake. Mmoja humwambia apake nta, mwingine humwambia nta imepitwa na wakati na kwamba kotingi ya seramiki hudumu miaka mitano, na wa tatu humwonyesha video ya maji yakiteleza juu ya boneti na kumwahidi kinga ya miaka kumi. Bei zinazotajwa hutofautiana sana, na maneno yanayotumika kuzitetea ni ya kitaalamu kiasi kwamba mnunuzi hukubali au hukataa kwa kukisia. Ninaamini kwamba wengi wanaolipia kinga hizi na kulalamika baadaye walinunua kitu kizuri kwa kazi ambayo hakikutengenezwa kuifanya, na kwamba uchaguzi sahihi hutegemea hali ya rangi iliyopo, mahali gari linapolala na mikono inayoliosha, kabla ya kutegemea jina lililoandikwa kwenye chupa.

Tuanze na rangi yenyewe. Kiwandani, bodi ya gari hupewa kwanza dawa ya fosfeti, kisha huzamishwa yote katika hodhi la praima, yaani rangi ya msingi, inayoshikishwa kwa umeme, ambayo ni nguzo kuu ya kinga dhidi ya kutu. Juu yake hupulizwa praima nyingine, halafu rangi tunayoiona, na mwisho tabaka angavu lisilo na rangi ambalo mafundi huliita klia. Matabaka haya yote kwa pamoja huwa na unene wa maikroni 100 hadi 150 hivi, na magari mengi ya Japani huangukia upande wa chini wa kipimo hicho au hupungua kidogo. Milimita moja ina maikroni 1,000, kwa hiyo rangi yote ya gari, kuanzia bati hadi juu, haiachani sana na unene wa karatasi moja ya kuchapia. Klia peke yake kwa kawaida ni maikroni 35 hadi 50. Ndani yake hutiwa kemikali za kufyonza mionzi ya urujuanimno ya jua, na kemikali hizo hupungua nguvu kadiri miaka inavyopita. Kila kinga tutakayoitaja hapa hupakwa juu ya klia, hutegemea klia, na haiwezi kuirudisha ikishakwisha.

Katika ukanda wetu wa pwani klia hushambuliwa kutoka pande nyingi. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta na Mombasa nyuzi 4, hivyo jua la adhuhuri huwa karibu na utosi kwa sehemu kubwa ya mwaka, na bati jeusi lililoachwa wazi laweza kuzidi nyuzi joto 70. Upepo wa bahari huleta chumvi. Kisha kuna kunguru wa shingo ya kijivu, ndege walioletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na ambao sasa wamejaa katika miji ya pwani. Kinyesi chao kina tindikali, lakini madhara yake hayaishii kwenye tindikali tu. Klia inapopata joto la mchana hulainika na kutanuka, na kinyesi kikikauka juu yake huwa kigumu. Jioni rangi inapopoa na kusinyaa, hujifunga ikifuata umbo la kile kilichokauka juu yake. Ndiyo maana alama hubaki hata baada ya kinyesi chenyewe kuoshwa, na ndiyo maana kukiacha siku nzima juani ni hatari kuliko kukiacha usiku kucha.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, kinachoharibu magari mengi zaidi mijini ni kitambaa kikavu. Mlinzi mwenye nia njema huamka alfajiri, huchukua kitambaa na kulipangusa gari vumbi kabla bosi hajatoka. Vumbi la barabara zetu limejaa punje za kwarzi, madini magumu ya mchanga, na kila mpanguso huziburuta juu ya klia. Ukilitazama gari hilo mchana kivulini huoni kitu. Ukiwasha tochi ya simu usiku na kuielekeza kwenye mlango, utaona maelfu ya mikwaruzo myembamba ikiuzunguka mwanga. Sehemu nyingi za kuoshea magari huendeleza kazi hiyo kwa sponji moja inayohudumia magari ya siku nzima, ndoo moja, na sabuni ya unga ya kufulia.

Sasa tuzitazame kinga zenyewe. Nta ndiyo kongwe. Iliyo bora miongoni mwa nta za asili ni karnauba, inayotokana na majani ya mti wa jamii ya michikichi unaoota kaskazini mashariki mwa Brazili. Huleta mng'ao wa kina unaopendeza hasa kwenye rangi za giza, ni rahisi kuipaka mwenyewe nyumbani, na makosa yake hufutika. Lakini huyeyuka kwenye nyuzi joto 82 hadi 86 hivi, na boneti nyeusi inayopata jua juu na joto la injini chini haiko mbali na kiwango hicho. Sabuni kali huiondoa, na mafuta ya taa, ambayo bado baadhi ya waoshaji huyatumia ili bodi ing'ae, huiyeyusha. Kwa hiyo katika mazingira ya pwani mtu asitarajie zaidi ya wiki kadhaa. Silanti, ambayo ni polima ya kutengenezwa kiwandani, hupakwa karibu kwa namna ileile na hudumu miezi minne hadi sita ikitunzwa. Haina mvuto wa nta machoni, lakini hustahimili joto na sabuni vizuri zaidi, na ninaiona kuwa kinga inayodharauliwa bila sababu.

Kotingi ya seramiki ndiyo yenye maneno mengi, na inastahili kuelezwa kwa utulivu. Ndani ya chupa mna kimiminika chenye misombo ya silikoni, kama vile siloksani au polisilazani, iliyoyeyushwa katika viyeyushi. Inapopakwa, viyeyushi huruka hewani, na misombo iliyobaki huungana kwa kemia na uso wa klia na kwa unyevu wa hewa, ikajenga mtandao mgumu wa silika, madini yaleyale ya msingi yaliyomo kwenye kioo. Hapo ndipo tofauti yake na nta ilipo: nta imelala juu ya rangi, ilhali seramiki imejifunga kwenye rangi, na kuiondoa kunahitaji kuisugua kwa kompaundi, yaani dawa nzito ya kulia uso wa rangi. Hustahimili sabuni, hustahimili joto, na kinyesi cha ndege hakiifikii klia upesi. Uchafu haushiki kwa nguvu, kwa hiyo uoshaji unahitaji msuguano mdogo, na kupunguza msuguano ndiyo faida kubwa ambayo wauzaji wengi huisahau wakishughulika na video za maji.

Unene wake, hata hivyo, ni takribani maikroni moja, wakati mwingine pungufu ya hapo, na bidhaa nzito hufikia chache. Kutokana na kipimo hicho tu, ahadi kadhaa zinaanguka zenyewe. Tabaka jembamba namna hiyo haliwezi kuzuia kokoto inayorushwa na tairi la lori. Haliwezi pia kufyonza sehemu kubwa ya mionzi ya jua; hupunguza madhara kwa kiasi, lakini paa la mabati juu ya maegesho hufanya kazi hiyo kwa ufanisi mkubwa zaidi kuliko chupa yoyote.

Ahadi nyingine inayohitaji kufunuliwa ni ile ya ugumu wa 9H. Kipimo hicho hutokana na jaribio la penseli. Mpimaji huchukua penseli za kuchorea zilizopangwa kwa ugumu, kuanzia za B zilizo laini hadi za H zilizo ngumu, huishika kila moja kwa pembe ya nyuzi 45 na kuisukuma juu ya uso uliopakwa rangi. Penseli ngumu kuliko zote iliyoshindwa kukwaruza ndiyo hutoa jina la kipimo. Kusema kotingi ina 9H ni kusema kwamba penseli ngumu kabisa haikuikwaruza. Wapo wauzaji wanaouweka ugumu huo pembeni ya almasi, ambayo ina 10 katika kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini, kana kwamba 9 na 10 zimo kwenye ngazi moja. Hazimo. Ncha ya penseli ni grafaiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi, na kwarzi ya kwenye vumbi ina 7 katika ngazi ya Mohs, ngumu mno kuliko penseli yoyote. Kitambaa kikavu chenye mchanga kitalikwaruza gari lenye 9H. Kinachobadilika ni kiasi, na hasa jinsi uchafu unavyotoka kirahisi kabla haujaburutwa.

Grafini, aina ya kaboni iliyo nyembamba mno, nayo imeingia sokoni miaka ya karibuni. Bidhaa nyingi zinazobeba jina hilo ni kotingi za aina ileile ya silika zilizotiwa kiasi kidogo cha oksidi ya grafini. Baadhi ni nzuri, lakini uzuri wake hutokana na kotingi yote kwa jumla, na sioni sababu ya kulipa bei kubwa kwa ajili ya jina pekee.

Kuna jambo moja ambalo mteja wa pwani huligundua baada ya kulipa. Uso uliopakwa seramiki huyafanya maji yasimame katika matone ya mviringo, na tone lililosimama hukauka mahali pamoja. Ikiwa gari limeoshwa kwa maji ya kisima, ambayo maeneo mengi ya pwani huwa na chumvi na chokaa, kila tone huacha pete nyeupe ya madini, na pete hiyo ikichomwa na jua mara nyingi hula uso wa kotingi na baadaye klia. Gari lenye kotingi nzuri linaloachwa likauke lenyewe juani baada ya kuoshwa linaweza kuonekana baya kuliko lisilo na kotingi yoyote. Dawa yake ni kulikausha mara moja kwa taulo safi la maikrofaiba, kivulini. Pete zikiwa mpya, siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kisha maji mengi, kwa kawaida hutosha.

Filamu ya kulinda rangi ni kitu cha aina nyingine kabisa. Ni ngozi angavu ya plastiki ya poliyurethani yenye unene wa maikroni 150 hadi 200, yaani nene kuliko rangi yote ya gari. Asili yake ni ya kijeshi: Marekani ilitumia vifaa vya namna hii wakati wa vita vya Vietnam kulinda pangaboi za helikopta dhidi ya mchanga na vifusi. Katika kinga zote tunazozijadili, ni hii pekee inayozuia kokoto kuchimba rangi, na mikwaruzo midogo kwenye filamu bora hujifuta yenyewe ikipata joto, ambalo kwetu halina upungufu. Hudumu miaka mitano hadi kumi ikiwa ni bora na imebandikwa na mtu anayejua kazi. Ni ghali, na filamu duni hugeuka njano na kuacha gundi inayosumbua kuiondoa. Pia haifai kubandikwa juu ya boneti iliyopakwa rangi upya kwa haraka, kwa sababu siku ya kuibandua inaweza kuondoka na rangi.

Hakuna hata moja kati ya hizi inayozuia kutu inayoanzia chini. Mtu anayevuka Kigamboni au Likoni kila siku kwa kivuko, au anayeishi karibu na ufuo, anapaswa kuelewa kwamba chumvi hushambulia chasisi, mikunjo ya ndani ya milango na matao ya matairi, sehemu ambazo kotingi haifiki kamwe. Huko kunahitajika dawa ya kuzuia kutu ya kupulizwa chini ya gari na ndani ya mikunjo, na kuosha chini kwa maji yasiyo na chumvi. Ikiwa fedha inatosha kwa jambo moja tu na gari linalala karibu na bahari, ningeanza na huko chini.

Kabla ya kuchagua, gari linapaswa kukaguliwa, na ukaguzi huu mwenye gari anaweza kuuanza mwenyewe. Osha boneti, ikaushe, kisha ingiza vidole kwenye karatasi laini ya nailoni iliyofungia mkate na uipitishe polepole juu ya rangi. Vidole vitahisi chembe ambazo ngozi tupu haikuzihisi: unga wa chuma cha breki, lami, utomvu wa miembe uliokauka. Chembe hizo zikifunikwa na kotingi zitabaki humo. Halafu chukua kitambaa cheupe chenye polishi kidogo na usugue mahali pasipoonekana sana. Kitambaa kikichukua rangi ya gari, ama gari halikuwa na klia tangu mwanzo, kama yalivyo baadhi ya magari meupe ya zamani ya kazi, ama klia imekwisha hapo. Ukiona mabaka yaliyofifia kwenye paa, yenye kingo zinazochunika, usinunue kotingi yoyote. Hapo pesa iende kwa fundi wa rangi.

Ukaguzi unaobaki ni wa fundi, na kifaa chake ni mita ya kupimia unene wa rangi. Fundi anayetaka kusugua gari lako kwa mashine bila mita hiyo anafanya kazi gizani, kwa sababu kila usuguaji wa kuondoa mikwaruzo hula maikroni kadhaa za klia, na hajui waliotangulia walikula ngapi. Hili lina uzito kwa magari yetu. Kenya hairuhusu gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane kuingizwa nchini, na Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa magari yenye umri mkubwa, lakini katika nchi zote mbili gari la wastani hufika likiwa limeshaishi miaka mingi na mara nyingi limeshang'arishwa kwa mashine ili livutie kwenye mnada. Mita ikionyesha 90 kwenye boneti na 120 mlangoni, boneti isiguswe zaidi ya kiasi kidogo kabisa. Ikionyesha 300 au zaidi, sehemu hiyo imepakwa rangi upya. Ikizidi 1,000, kwa kawaida chini yake kuna fila, yaani lipu ya kujazia mabonyeo, na hapo una maswali mengine ya kumuuliza aliyekuuzia gari.

Rangi iliyopakwa gereji inahitaji muda. Kiwandani rangi huokwa kwa joto la nyuzi 140 hivi, ilhali gereji nyingi hukausha kwa hewa au kwa joto dogo, na viyeyushi huendelea kutoka kwa wiki kadhaa. Kuifunika kwa kotingi au filamu kabla ya mwezi mmoja, na wakati mwingine hadi miezi mitatu, ni kuifungia pumzi ndani.

Sehemu kubwa ya bei ya kotingi inayopakwa kitaalamu ni maandalizi: kuosha, kuondoa chembe, kusawazisha uso, na kupangusa kwa spiriti ya isopropili ili mafuta yote yatoke. Chupa yenyewe ni sehemu ndogo. Kwa hiyo mteja anapoambiwa kwamba kazi itakamilika kwa saa mbili chini ya mwembe, ajue kilichoondolewa kwenye hesabu. Kazi hii inataka chumba kilichofungwa, mwanga mkali na vumbi kidogo. Pia inataka fundi anayejua hali ya hewa ya hapa, kwa kuwa unyevu mwingi huharakisha kukauka. Asipofanya eneo dogo dogo na kulipangusa kwa wakati, kotingi huacha vivimbe vya giza ambavyo haviondoki ila kwa kusuguliwa tena. Baada ya hapo gari lisiguswe na maji kwa siku moja au mbili, na sabuni isubiri karibu wiki nzima. Dhamana ya maandishi isomwe yote, kwa maana nyingi hudai ukaguzi wa kulipia kila mwaka na hazihusishi kokoto, pete za maji wala kinyesi cha ndege, yaani hazihusishi karibu kila kitu kitakacholipata gari.

Kwa gari jipya au lenye klia nene, linalolala nje na ambalo mwenyewe anakusudia kukaa nalo, ningechagua kotingi ya seramiki ya kati, ile inayoahidi miaka miwili au mitatu, na tofauti ya bei ningeihamishia kwenye maandalizi bora. Mtu anayesafiri mara kwa mara kati ya Dar es Salaam na Morogoro, au Mombasa na Nairobi, nyuma ya malori, afikirie filamu kwenye bampa la mbele, boneti, taa na vioo vya pembeni, na seramiki kwingineko; kulifunika gari zima ni anasa isiyo ya lazima. Gari lenye klia nyembamba iliyobaki lipewe silanti kila baada ya miezi minne, bila mashine. Na gari litakaloendelea kuoshwa kwa sponji ya barabarani lisipakwe kitu cha ghali hata kidogo, mpaka kwanza zipatikane ndoo mbili, moja ya sabuni laini ya magari na nyingine ya kusuuzia, pamoja na makubaliano na mlinzi kwamba kitambaa kikavu kisiguse bodi.

Baada ya mwaka au zaidi, maji yataanza kulala badala ya kuteleza, na hapo wengi hukimbilia kulipa upya wakidhani kotingi imekufa. Mara nyingi imezibwa tu na utando wa madini, lami na chembe za chuma. Lioshe gari kwa makini, lipitishie dawa ya kuyeyusha chembe za chuma na siki iliyopunguzwa makali kwa ajili ya chokaa, lisuuze, kisha mwagia maji mlangoni, mahali ambapo jua halipigi sana, na uyalinganishe na yale ya kwenye boneti. Yakiteleza kwenye mlango na kulala kwenye boneti, ni boneti na paa tu vinavyohitaji kupakwa tena.